Nailoni shambani, taka mtoni: kemikali za plastiki huishia wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nalima mboga bondeni. Shamba limepakana na mto, na kutoka hapo hadi mto unapoingia baharini ni kilomita chache tu. Natandaza nailoni nyeusi kuzuia magugu, na namwagilia kwa mipira. Mto ukifurika unaniletea chupa, mifuko na vipande vya povu jeupe. Maji yakipwa, matope ya mlangoni, pale mto unapokutana na bahari, yamejaa takataka hizohizo. Nimezoea kuzikusanya na kuzichoma pembeni ya shamba. Sasa nasikia kwamba ubaya wa plastiki si takataka yenyewe bali kemikali zinazotoka ndani yake. Zinaingia kwenye mboga? Kwenye samaki je? Udongo wangu ndio umeshaharibika? Na kama ni kupima, nipime nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kabla ya yote, acha kuchoma. Sababu nitaifikia, lakini jibu hili ni refu na sipendi ulisome huku moto unafuka pembeni ya shamba.

Ulichosikia ni kweli, ila kimekatwa mkia. Plastiki yenyewe, ile minyororo mirefu iitwayo polima, kwa kawaida ni kitu kizito na kivivu. Molekuli zake ni kubwa mno kuyeyuka majini. Lakini hakuna kiwanda kinachouza polima tupu. Ingepasuka juani, ingekuwa ngumu pasipotakiwa ugumu, ingeshika moto upesi. Kwa hiyo huongezwa vilainishi, vikinga jua, vizuia moto, rangi, na vitu vya kuzuia hewa isiile plastiki kabla ya wakati. Ripoti ya mradi wa wanasayansi uitwao PlastChem, iliyotoka Machi 2024, ilihesabu zaidi ya kemikali 16,000 zinazohusiana na plastiki. Zaidi ya 4,200 ziliwekwa kwenye fungu la zinazotia wasiwasi, na zaidi ya 10,000 hazikuwa na taarifa zozote za kuonyesha kama zina madhara au hazina. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi mimi, si ile ya kwanza.

Vingi kati ya viongezi hivi havijafungwa kwenye polima. Vimechanganywa tu, kama mafuta yaliyokandwa kwenye unga. Tazama mpira wako wa kumwagilia, kama ni ule laini wa PVC. PVC bila kuongezwa kitu ni ngumu kama bomba la kupitishia maji ukutani. Ili iwe mpira unaokunjika, hutiwa kilainishi ambacho kinaweza kufika theluthi ya uzito wote, wakati mwingine zaidi. Ukiwa mpya unaupindisha kwenye kona bila shida. Ukilala juani misimu miwili mitatu, mara unaanza kunata vidoleni, halafu unakakamaa, mwisho unapasuka palepale ulipokunjwa. Kilichokuwa kinaulegeza hakikufa. Kiasi kimeruka hewani, kiasi kimenyonywa na udongo uliokuwa chini yake, kiasi kimekwenda na maji. Vilainishi vilivyozoeleka zaidi ni vya kundi la thaleti, na aliyetumika kupita wote ni DEHP.

Ukitaka kujua kemikali itaishia wapi, usihangaike sana na kama ilitoka kwenye chupa au kwenye mfuko. Uliza inapenda kukaa wapi: kwenye maji, au kwenye mafuta na tope. Sisi maabara tunalipima jambo hili kwa kuitia kemikali kwenye chupa yenye maji chini na kimiminika cha mafuta juu, tunatikisa, tunaacha itulie, halafu tunahesabu kiasi gani kimekwenda wapi. DEHP, kwa kila chembe moja inayobaki kwenye maji, makumi ya mamilioni hukimbilia kwenye mafuta. Ndugu yake DMP, wa familia hiyohiyo ya thaleti, ni kama arobaini tu kwa moja. Shambani na mtoni, "mafuta" ni mboji ya udongo wako, tope laini la mtoni, ini la samaki, na mafuta ya mwili wako na wangu. Ndiyo maana mtu akiniuliza "thaleti zina madhara gani kwenye mto," namrudishia swali: thaleti ipi?

Kwa hiyo shamba lako, mto wako na ule mlango wa bahari haviumwi ugonjwa mmoja, hata kama taka ni ileile. Nianze na mto, kwa sababu una kisa ambacho kimetufundisha mengi kuliko vitabu.

Kaskazini magharibi mwa Marekani, kwenye vijito vinavyoingia ghuba ya Puget Sound karibu na Seattle, samaki aina ya salmoni koho hurudi kutoka baharini kutaga. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanawaona wakifa kabla ya kutaga. Wanaogelea wakizunguka juu ya maji, wanapumua kwa shida, wanapoteza mizani, na saa chache baadaye wamekufa, matumbo bado yamejaa mayai. Ilitokea kila baada ya mvua. Watafiti walishuku metali, wakashuku viuatilifu, wakashuku mafuta ya magari. Kila kimoja kilipopimwa peke yake samaki hawakufa kwa namna ile. Kilichowaua ni maji yaliyolowekwa unga wa matairi. Unga huo ulitoa kemikali zaidi ya 2,000, na kazi ya kuzichambua fungu kwa fungu, kuweka samaki kwenye kila fungu na kuona nani anakufa, ilichukua miaka. Desemba 2020 wakatangaza jina: 6PPD-kwinoni.

Kinachonifanya nikusimulie kisa hiki ni kwamba hakuna kiwanda kilichoitia kemikali ile kwenye tairi. Kiwanda kilitia 6PPD, ambayo kazi yake ni kulinda mpira usiliwe na ozoni ya hewani. Inakutana na ozoni, inajitoa mhanga badala ya mpira, na mzoga wake ndio huo kwinoni. Mwanzoni walikadiria kwamba chini kidogo ya mikrogramu moja kwa lita inatosha kuua nusu ya koho. Walipopata kipimo safi zaidi wakaona hata sehemu ya kumi ya hapo inatosha. Na salmoni wa aina nyingine, chamu, akiwekwa kwenye maji yaleyale hana habari. Hivyo usimwamini mtu anayekuambia "maji yamepimwa, hayana sumu ya plastiki." Amepima kemikali ipi, na amemjaribu kiumbe gani? Kwa mto unaopita mjini kabla ya kukufikia, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayosomba vumbi lote la barabarani kwa mkupuo mmoja. Kama unavuta maji ya mto kumwagilia, iache siku hiyo na inayofuata ipite.

Kuna kemikali nyingine za mtoni ambazo hazina ukaidi wowote, na bado zipo kila siku. Bisfenoli A ni mfano. Inatumika kutengeneza plastiki ngumu ya polikaboneti na rangi za epoksi za ndani ya makopo na matangi. Kwenye maji yenye hewa na bakteria hai hupungua kwa nusu ndani ya siku chache tu. Lakini majitaka yanaimimina upya kila saa, kwa hiyo anayepima mto huikuta kila anapopima. Kemikali inayooza upesi na kumiminwa daima haina tofauti kubwa, kwa samaki anayeishi humo, na ile isiyooza.

Sasa pale mlangoni. Maji ya mto yanabeba tope laini sana, vumbi la mfinyanzi ambalo kwenye maji baridi huelea siku nyingi. Likikutana na chumvi, vile vipande vidogo hushikana, vinakuwa vizito, vinazama. Kila kemikali inayopenda tope inazama navyo. Siku ukienda maji yakiwa yamepwa, chukua chepe ukate kipande cha tope kwa wima, ukitazame ubavuni. Juu utaona tabaka la kahawia, pengine unene wa kidole. Chini yake tope linageuka jeusi ghafla na linanuka mayai yaliyooza. Hilo la kahawia lina oksijeni, na bakteria wake wana njaa: thaleti nyepesi wanazimaliza. Kwenye jeusi kazi inakwenda polepole mno. Kinachozikwa humo kabla hakijaliwa kinaweza kukaa miaka, mpaka furiko kubwa au mashine ya kuchimba mlango wa bandari ilichokoe tope na kulirudisha majini. Nimewahi kuona vipimo vya mlango wa mto vikipanda wakati juu ya mto hakuna kilichobadilika kabisa; lilikuwa deni la zamani linadaiwa.

Na kwa kuwa chaza, kome na jamii yao hukaa palepale na kuchuja maji mchana na usiku, wao ndio wa kwanza kubeba. Samaki mwenye uti ana ini na vimeng'enya vya kuvunja thaleti, kwa hiyo hazipandi kwenye mlolongo wa chakula kama watu wengi wanavyofikiri: samaki mkubwa hana lazima awe nazo nyingi kuliko mdogo. Vizuia moto vyenye bromini ni hadithi nyingine. Vile hupanda, na vinang'ang'ania kwenye mafuta miaka mingi. Ndiyo sababu Mkataba wa Stockholm, ule wa kuzuia kemikali sugu, uliviorodhesha kundi kwa kundi: baadhi mwaka 2009, HBCD mwaka 2013, na dekaBDE mwaka 2017. Mwaka 2023 ukaongeza kikinga jua cha plastiki kiitwacho UV-328. Hiyo HBCD ikumbuke. Ilikuwa inatiwa kwenye povu jeupe la ujenzi, na vipande vya povu ni miongoni mwa unavyoletewa na mto.

Hapa lazima nigusie jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda. Utasoma mara nyingi kwamba plastiki baharini ni kama sifongo: inanyonya sumu zilizomo majini, samaki anaimeza, sumu inamwingia. Sehemu ya kwanza imethibitishwa vizuri. Mwaka 2001 Hideshige Takada na wenzake huko Tokyo walionyesha kwamba punje za plastiki ghafi zilizokusanya PCB (kundi la kemikali sugu za viwandani) baharini zinaweza kuwa na kiasi cha mara laki moja hadi milioni moja ya kilichomo kwenye maji yanayozizunguka. Tangu 2005 Takada amekuwa akiomba watu wa kila pwani wamtumie punje walizookota, na kwa njia hiyo amechora ramani ya uchafu wa dunia nzima kwa gharama ya stempu. Kazi nzuri mno. Lakini sehemu ya pili, kwamba plastiki ndiyo inayomlisha samaki sumu hizo, kwa wengi wao haina uzito mkubwa. Samaki anazipata kwa maji anayopumua na kwa wadudu anaokula, ambao ni wengi kupita vipande vya plastiki tumboni mwake. Sumu iliyoko kwenye plastiki na iliyoko kwenye windo lake zilitoka bahari moja.

Ninachokiogopa mimi ni kile plastiki ilichotoka nacho kiwandani. Mwaka 2013 kundi hilohilo la watafiti wa Japani lilichunguza ndege wa baharini 12 wa Pasifiki ya Kaskazini. Watatu walikuwa na vizuia moto vya bromini vizito kwenye mafuta yao, aina ambazo hazikuonekana kwenye samaki ambao ndege hao huwala, lakini zilikuwepo kwenye vipande vya plastiki ndani ya matumbo yao wenyewe. Tumbo la ndege huyu lina mafuta, na mafuta huvuta kiongezi nje ya plastiki kwa kasi ambayo maji ya bahari hayawezi. Kwa hiyo sifongo siihofii sana. Naihofia chupa ya dawa iliyosahauliwa bila kifuniko.

Twende shambani, maana huko ndiko unakolalia na kuamkia.

Nailoni nyeusi ya matandazo kwa kawaida ni polithilini. Habari njema ni kwamba polithilini haihitaji kilainishi kama PVC inavyohitaji, kwa hiyo thaleti zake ni chache kuliko za mpira laini. Zinazokutwa kwenye udongo wa mashamba ya nailoni hutokana na nailoni iliyotengenezwa kwa plastiki ya kuchakatwa upya, na pia na mipira, mifuko ya mbolea, hewa, na tope la majitaka linalotumika kama mbolea. Habari mbaya ni wembamba wake. China, inayotumia zaidi ya tani milioni moja za nailoni ya matandazo kwa mwaka, iliruhusu kwa muda mrefu unene wa milimita 0.008. Nailoni ya namna hiyo ukiivuta mwisho wa msimu haitoki. Inachanika mkononi, nusu inabaki imeshikana na mizizi, na jembe la msimu ujao linaikata vipande vidogo zaidi. Mwaka 2017 walipandisha kiwango hadi 0.01, sababu kubwa ikiwa ni hiyo, iweze kuvutika. Shirika la FAO lilikadiria mwaka 2021 kwamba kilimo cha mazao na mifugo duniani kinatumia tani milioni 12.5 za bidhaa za plastiki kwa mwaka. Kinachobaki ardhini ni kipande kwa kipande, na kila kipande kinaendelea kuvuja mdogomdogo.

Umeuliza kama udongo umeharibika. Kwa ulivyonieleza, sidhani. Udongo wenye mboji, unyevu na hewa una bakteria wanaokula thaleti: zile fupi huondoka kwa siku au wiki chache, DEHP kwa wiki nyingi hadi miezi. Udongo wa mchanga mtupu, mkavu, au uliojaa maji muda wote hufanya kazi hiyo vibaya zaidi. Ukisimamisha chanzo, udongo wenyewe utakusaidia. Usichoweza kuuachia udongo ni risasi na kadimiamu, ambazo zilitumika zamani kuimarisha PVC na kwenye rangi. Hizo ni metali. Hakuna bakteria wa kuzila.

Kuhusu mboga, rudi kwenye ile kanuni ya maji na mafuta. Kemikali inayopenda mafuta kama DEHP hunasa kwenye ngozi ya mzizi na haipandi sana. Kwenye karoti utaikuta zaidi kwenye ganda kuliko ndani, kwa hiyo kumenya kunasaidia kweli. Kemikali ndogo inayokubali maji hupanda na maji ya mmea mpaka kwenye majani, maji yanafukika, yenyewe inabaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna waliotesha letasi kwenye maji yaliyotiwa kemikali za matairi, 6PPD-kwinoni ikiwemo, wakazikuta kwenye majani, baadhi zikiwa zimeshageuzwa na mmea kuwa vitu vipya. Yale yalikuwa maji matupu bila udongo, na udongo hushika mengi kabla hayajafika kwenye mzizi. Kwa hiyo chukulia matokeo yale kama kiwango cha juu. Njia nyingine watu huisahau: hewa. Ndani ya banda la nailoni lililofungwa, mchana wa jua kali, vilainishi huruka kutoka kwenye plastiki na kutua juu ya majani yenye nta. Kama una banda la namna hiyo, lifungue asubuhi mapema. Mboga za majani za nje hazina shida hii kwa kiasi cha kutisha.

Unaweza kujiuliza, je, kiasi hiki kinamdhuru mlaji? Thaleti kadhaa huvuruga homoni za kiume kwa wanyama wa maabara, hasa zikimfikia mtoto akiwa tumboni. Bisfenoli A huiga homoni ya kike, na hilo si jambo la juzi; Charles Dodds wa Uingereza aliliona kwenye miaka ya 1930, kabla haijawa plastiki ya kila nyumba. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango chake kinachokubalika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili, yaani mara 20,000, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaamua kuipiga marufuku kwenye vitu vinavyogusa chakula. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari ilipinga hesabu hiyo na kuweka kiwango mara 1,000 juu ya hicho. Wataalamu wanaosoma tafiti zilezile wakitofautiana kwa kiasi hiki, usitegemee mimi nikupe namba moja ya kulala nayo. Nikuambie tu kwamba mtu wa kawaida hupata sehemu kubwa ya thaleti na bisfenoli kwenye vifungashio, vyombo vya plastiki na vumbi la ndani ya nyumba. Ukimwaga chakula cha moto chenye mafuta kwenye chombo laini cha plastiki, pengine umejipatia zaidi ya ulichokipata kwenye mboga zako za wiki nzima.

Samaki wa mlangoni unaweza kuendelea kula. Toa matumbo na ini, punguza mafuta yanayoonekana, na kwa chaza na kome chagua wa sehemu yenye maji yanayotembea, mbali na bomba la majitaka.

Sasa kupima. Ukiingia maabara ukasema "nipimieni kemikali za plastiki," watakupimia wanazozijua na bili itakutoa jasho. Halafu kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliwahi kuangukia. Mwanzoni mwa kazi yangu nilichukua sampuli 30 za tope, siku nne kwenye matope hadi magotini. Matokeo yakaja: thaleti kila mahali, juu na chini ya mto, karibu sawasawa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti ya kutisha. Kisha nikaangalia sampuli tupu, ile chupa ya maji safi niliyoifungua na kuifunga shambani bila kutia tope. Nayo ilikuwa na thaleti zilezile. Zilitoka kwenye glavu zangu, zile nyembamba za vinili, ambazo ni PVC laini, na kwenye gamba la ndani la vifuniko. Kazi ya siku nne ikaenda na maji. Tangu hapo, mtu akinipa ripoti ya thaleti isiyo na matokeo ya sampuli tupu, namrudishia bila kuisoma.

Ukiamua kupima, tumia chupa za kioo zilizooshwa na kukaushwa kwa joto, weka karatasi ya alumini chini ya kifuniko, chota kwa mwiko wa chuma, mikono mitupu iliyonawishwa ni afadhali kuliko glavu za vinili. Chota udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu kumi za shamba uchanganye uwe sampuli moja. Chota vilevile kwenye ardhi ya jirani yenye udongo wa aina moja ambayo haijawahi kutandazwa nailoni wala kufikiwa na furiko. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayokueleza jambo. Namba moja peke yake haisemi kitu. Omba thaleti sita za kawaida, basi. Ila kama fedha zinatosha kipimo kimoja tu, nisingepima thaleti. Ningepima risasi na kadimiamu pale unapochomea.

Na hapo ndipo penye shida yako kubwa, naamini. Moto wa pembeni ya shamba hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha kumaliza plastiki. Ndani ya fungu lako kuna PVC kidogo, hata kama huijui kwa macho, na PVC zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Klorini, mkaa na moto wa kufukafuka hutengeneza dioksini, kundi la sumu ambalo hakuna aliyelitia kwenye plastiki yoyote. Povu lenye bromini hutengeneza binamu zake. Dioksini hutua juu ya majani na udongo wa karibu, zinapenda mafuta kupindukia, na bakteria hawana hamu nazo. Kuku akidonoa pale, zinaingia kwenye kiini cha yai. Metali, kwa upande wake, haziungui kabisa. Nyingi zinabaki kwenye majivu zikiwa zimekolea. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua na kuzama nje ya Colombo, Sri Lanka, ikiwa na tani zipatazo 1,680 za punje za plastiki. Wasafishaji wa ufuko walikuta punje nyeupe pamoja na madonge meusi yaliyoyeyuka na kuungua, na yale madonge yalikuwa na mchanganyiko wa kemikali mgumu zaidi kuliko punje ambazo hazikuguswa na moto. Umekuwa ukifanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo, msimu baada ya msimu, mahali pamoja.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya mimi. Taka za furiko ziokote kabla ya kulima, zikiwa bado nzima, ukianza na povu, nyaya na chochote laini kinachonata, kisha uziweke kwenye magunia chini ya kivuli hadi zipate usafiri wa kwenda kwenye jaa rasmi. Gunia lililokaa juani nalo ni chanzo. Nailoni inunue nene, na uitoe wakati bado inavutika, hata kama zao la mwisho lina wiki mbili zaidi. Matandazo ya majani makavu pale yanapopatikana yanafanya kazi nzuri tu. Kuwa macho na nailoni inayouzwa kwa sifa ya "kuoza" kwa jua na hewa: ya aina hiyo huvunjika vipande tu, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Mipira ya PVC ikichakaa, weka mabomba ya polithilini. Kando ya mto acha mita kadhaa za nyasi ndefu. Zitakunasia taka na tope la furiko kabla halijafika kwenye matuta.

Majivu yaliyopo usiyamwage kwenye mboji, usiyatawanye shambani, wala usiyasukume mtoni. Yalowanishe kidogo yasiruke, funga pua na mdomo, yachote pamoja na sentimita tano za udongo wa chini yake, tia kwenye gunia zito mara mbili, na uyapeleke pamoja na ile mizigo mingine. Kuku wawekee uzio wasifike pale. Mahali hapo usipande mboga ya mizizi wala ya majani mpaka uwe na matokeo ya risasi mkononi.